Mche Niliouandikia Jina Langu

Nina diploma ya kilimo, wasomaji wangu, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Nyuma ya nyumba ya Mama Asende, anayenipangisha chumba hapa Baraka, uliota mche unaonukia kama embe bivu. Nilifikiri siku tatu, nikaamua ni aina mpya ya ngaingai, mboga yetu chachu, kwa sababu ya majani yake ya vidole. Mvua haikukoma, na unyevu wa ziwa huleta ukungu, hivyo niliufunika kwa turubai na kupunguza majani ya chini ili hewa ipite. Ukanipita urefu. Nikauwekea kibao chenye jina langu: "Utafiti. Usiguse."

Kisha nikamwalika chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, auone, kwa kuwa chama cha wakulima kilidai barua yake ya kuthibitisha tabia yangu kabla ya kuniajiri.

Akanusa. Akasoma jina langu kwa sauti.

"Agronome, hii bangi unamulimia nani?"

Mama Asende akatoka jikoni na jembe.

"Chefu, huyu mutoto hata pombe hajuaka! Kila asubui anaombeaka iyi muti, mi namusikiaka."

Ilikuwa kweli. Chefu alicheka mpaka akaketi. Mama akaung'oa mche, akautupa chooni. Asante, Mama, kazi nimepata.

Barua nayo nilipewa. Mwenyekiti aliisoma mbele ya wakulima wote: "Nathibitisha kwamba kijana huyu ni mwaminifu, na bangi haijui kabisa, hata akiilima."