Matundu ya Karibu na Kisima

Nichekeni tu, sina neno, maana hata mimi nikikumbuka najicheka. Huko Siakago mpaka leo kuna watu wakiniona wanajipangusa uso kwa kiganja halafu wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao nikiwa nimeangalia kando. Ile aibu niliitoboa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nilikuwa fundi wa paipu, kijana wa Meru, kazi nimejifunzia kwetu Kinoru, na hiyo miaka ya tisini nilikuwa namtaka msichana wa Kimbeere anaitwa Wawira. Baba yake ndiye alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji, na aliniambia wazi, "Kijana, wamama wetu wanachimba mchanga wa mto na kibuyu mpaka wanazama kiunoni. Leta maji, halafu tutaongea mambo ya Wawira."

Kazi yenyewe ni hivi. Mto ule ni mkavu, lakini chini ya mchanga maji yako, kwa hivyo unalaza paipu ndefu huko chini, umeitoboa matundu, maji yanaingia taratibu yanatembea mpaka kwa kisima cha ukingoni, hapo pampu inayavuta. Sasa (na hii nilijua, msidhani sikujua) pampu inavuta kwa nguvu zaidi pale karibu na kisima kuliko kule mwisho, kwa hivyo karibu unatoboa matundu machache, madogo, na mbali unatoboa mengi, ndio paipu nzima ifanye kazi. Ukikosea, maji yote yanakimbilia kuingia pale karibu, na mchanga unakuja nayo.

Nilifanya vizuri kabisa. Tukajaribu, maji yakatoka safi lakini polepole. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kufungua, chifu anakuja, pasta anakuja, na mama yake Wawira atakaa mbele kwa sababu ndiye kiongozi wa wamama. Nikajiambia, hawa watu wakiona maji yanajikokota hivi watasema Mmeru amewadanganya. Basi nikafukua paipu pale karibu na kisima, nikachukua drili, nikaongeza matundu, tena makubwa, nikafunika, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Siku yenyewe pasta akaomba (akaomba sana), chifu akaongea, pampu ikawashwa, na mimi nimeshika mpira wa maji nimesimama kama bwana harusi. Maji yakaruka! Wamama wakapiga vigelegele, Wawira akaniangalia, na ningekufa saa hiyo ningekufa na furaha. Halafu mpira ukaanza kutetemeka, pampu ikakohoa, maji yakageuka rangi, na badala ya kuzima nikapaza sauti, "Ni hewa tu! Ni hewa!" nikaongeza kasi ya injini. Mpira ukanichomoka, ukajizungusha, ukatema tope lote kwa mama yake Wawira, uso, kilemba, Biblia, kila kitu.

Hapo bado ningepona. Lakini nilichomoa kitambaa mfukoni, nikamkimbilia, nikamshika kidevu, nikaanza kumpangusa. Jamani! Mama mkwe ambaye hata mkono humpi, ambaye mkikutana njiani wewe ndiye unaacha njia! Na kwetu Meru pia tunawaheshimu hivyo hivyo, kwa hivyo siwezi hata kusema nilikuwa mgeni. Pampu ikazima. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ngai! Mungu wangu, amemshika!"

Mama akasimama, tope linamtiririka, akaondoka, na wamama wakamfuata na mitungi yao mitupu. Hiyo mitungi ndiyo iliniuma zaidi, haki. Baadaye niliwaona palepale mtoni, wameinama, wanachimba na kibuyu.

Wawira hakuniongelesha. Baba yake alisema tu, "Mbuzi wa faini utaleta, hiyo ni desturi. Lakini maji je?"

Nikarudi kwa mchanga. Nikafungua pampu nikaisafisha, nikafukua paipu, nikaziba matundu yangu ya sifa na vipande vya tyubu, nikaacha yale machache ya kwanza. Nikiwa pale nimepiga magoti nikafikiria, kumbe kule mbali maji safi yalikuwa yanangoja wakati wote, na mimi nilikuwa nimefungulia ya karibu tu kwa sababu nilitaka kuonekana. Nilisikia uchungu kuliko hata ile siku ya tope.

Maji yakarudi, safi, yanajikokota vilevile. Hakukuwa na chifu wala pasta. Mama alikuja na mtungi wake, akasimama mbali na mimi, amenipa mgongo kama inavyotakikana, akangoja ujae polepole bila kulalamika. Akaonja. Kisha akamwambia Wawira, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie huyo mtu maji ni matamu. Na mwambie siku ya harusi asibebe kitambaa."

Sikubeba. Na tangu siku hiyo hata mafua yakinishika, najipangusa na mkono wa shati.