Peku Mlangoni kwa Nesi

Miaka ya tisini ilipokuwa inamalizika, nilikuwa nafanya kazi ya chokaa katika ukarabati wa nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu kila nikikaa ndani nilitaka kujua kinachoendelea nje. Nimebeba dagaa Mkokotoni, nimeshona mito Ng'ambo, nimeuza vitunguu Mwanakwerekwe. Sikuwahi kutimiza mwaka pahala pamoja. Chokaa ndiyo iliyonikalisha: nilitaka kujua vipi mawe na udongo vinasimama miaka na miaka bila ya saruji.

Asubuhi moja havikusimama. Ukuta wa ghorofa ya pili uliporomoka ukamfukia mwenzangu niliyekuwa nikikoroga naye. Tulimtoa yu hai, lakini mguu ulikatwa. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Ila tangu siku hiyo kila nikipanda jukwaa la boriti viganja vinalowa, moyo unakwenda mbio, na nasikia mawe yakisagana ndani ya ukuta. Niliwauliza wenzangu kwa mzaha kama nao wanayasikia. Hawakusikia kitu.

Hilo ndilo lililonitisha. Mjomba wangu, kaka yake mama, naye alianza kwa kusikia vitu, akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtaani mama aliitwa dada wa mwehu mpaka tukahama. Niliona zamu yangu imefika. Na msimamizi wetu alikuwa na kawaida yake: anayeogopa kupanda, kesho asije. Nikanyamaza.

Wafadhili wa ule ukarabati wakatuletea nesi. Alitukusanya uani akatueleza kwamba hofu baada ya ajali ni maradhi kama maradhi mengine, yana dawa yake. Kila Alhamisi atakaa chumba cha chini, mtu aingie peke yake, na hakuna atakayejua.

Kasoro hakuiona yeye wala sisi. Chumba kilitandikwa mkeka, na mkekani haingii mtu na viatu. Vinabaki mlangoni. Watu ishirini tuliofanya kazi pamoja, kila mmoja alizijua kandambili za mwenziwe kama anavyoijua sura yake. Alhamisi ya kwanza aliingia seremala tu, kumpelekea nesi kiti. Alipotoka alikuta watu wamevizunguka viatu vyake.

"Yakhe, umeshapigwa sindano?"

"Nimepeleka kiti!"

"Mkekani mtu anakalia kiti?"

"Mwacheni, wazimu wa fundi huanza na fanicha."

Alhamisi ya pili mie nikajiona mjanja. Nilivua kandambili mapema, nikazificha chini ya gunia la mchanga, nikaingia peku.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamwambia nina kizunguzungu kidogo. Alinitazama tu, kalamu imelala juu ya daftari. Nikayatoa yote, mawe na mjomba pamoja.

"Ndiyo yale yale, Bi? Niambie tu."

"Mjomba wako aliangukiwa na ukuta?"

"Hapana."

"Na hayo mawe, ukiwa nyumbani unayasikia?"

"Nikiwa juu tu."

Akafikiri. "Leo siwezi kukwambia ndiyo, wala siwezi kukwambia siyo. Rudi Alhamisi. Lakini mpaka tuonane, usipande. Ukitetemeka kule juu, huanguki peke yako."

"Nisipopanda, Bi, watajua."

"Kwangu hawatajua. Utawaambia mwenyewe."

Nilipofungua mlango, msimamizi alikuwa amesimama uani. Aliutazama uso wangu, kisha akaitazama miguu yangu. Uwanja ule ulijaa misumari na chokaa mbichi inayochoma ngozi. Hata mwehu asingetembea peku pale. Kandambili zingesema kwamba niliingia. Miguu mitupu ilisema niliingia na ninaficha. Kazi ilisimama. Kutoka juu ya jukwaa mmoja akapiga kelele:

"Huyu naye kapeleka meza!"

Walicheka wote. Msimamizi hakucheka.

"Ukuta wa kusini unataka watu wawili mchana huu," akasema. "Unapanda?"

Jibu lililotakiwa nililijua. Ni neno moja, na ningerudi kuwa mtu kama watu. Nikamtazama yule wa juu aliyenitania. Alikuwa bado anacheka, kasimama kwenye ubao wa ukuta huo huo wa kusini, ambapo ningepanda kusimama naye bega kwa bega.

"Sipandi," nikasema. "Siwezi."

Kicheko kilikatika. Msimamizi alikuna kidevu, akageuka kulitazama shimo la chokaa kule chini ya ukuta.

"Wiki hii utakoroga."

Akaondoka. Ya wiki ijayo hakuyasema, nami sikuthubutu kumuuliza. Niliuchukua mti wa kukorogea nikaanza kazi. Nilikoroga nimeuelekea ukuta, kwa sababu kuupa mgongo sikuweza.