Ng'ambo Walikuwa Wakichelewa

Sisi tulioandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, siku hizi tunachoka mapema. Mimi nachoka hata kwa kuangalia. Binti yangu Robi aliponiambia kuwa Ijumaa wazazi tunatakiwa shuleni kwao, hapa Nyamongo, tukawaone wakicheza ngoma pamoja na wenzao wa shule moja ya Mugumu, wao wakiwa huku na wenzao wakiwa huko huko Mugumu, kwa video ya moja kwa moja ukutani, nilichoka kabla sijavaa viatu. Nikamuuliza kwa nini wasikodi gari wakaenda kuchezea huko. Akaniangalia kwa huruma.

"Baba, hii ndiyo sanaa yenyewe."

Nina shahada mbili, na nimejifunza kunyamaza mbele ya mtoto wa kidato cha tatu. Lakini moyoni nilisema: mnadhani ninyi ndio wa kwanza.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya kilima, upande wa Tarime, na chini yake ulipita mto Mara. Ng'ambo, upande wa Serengeti, kulikuwa na kilima kingine na shule nyingine ya msingi, yenye bati kama letu na kutu kama yetu. Daraja halikuwepo. Kiangazi watu walivuka penye mawe, wakubwa wakitangulia na fimbo kwa sababu ya mamba. Masika hakuvuka mtu.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa maisha yenyewe. Mkono mmoja kidumu cha maji, mwingine ufagio, na Ijumaa unabeba kinyesi kibichi cha ng'ombe cha kusiliba sakafu ya darasa, kimefungwa kwenye jani la mgomba ambalo kila wiki lilipasuka pale pale, karibu na nyumba ya mwalimu mkuu. Kaptula zilikuwa na viraka viwili vya duara makalioni, tukiviita miwani, na aliyekuwa na kaptula isiyo na miwani tulimwona mtoto wa bwana shamba. Nyumbani kulikuwa na ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho yake, na maziwa ya mgando yaliyotikiswa kwenye kibuyu mpaka mkono wa mama ukakataa. Mvua za kwanza zilileta kumbikumbi, tukawala wengine wakiwa bado wanapiga mabawa. Walimu walituchapa kwa kuchelewa, kwa kuwahi na kupiga kelele, na kwa kucheka mwenzako akichapwa. Leo ukimkaripia mtoto, anakuuliza kama umelala vizuri.

Na jambo moja tulilijua wote: watu wa ng'ambo walikuwa wazito. Ukikaa juu ya jiwe nyuma ya shule ukamwangalia mtu anapasua kuni kilima cha pili, shoka lilishuka, likazama kwenye gogo, akaliinua tena, ndipo "ko" ikafika. Mwanamke alipiga nguo kwenye jiwe, na jiwe likalia wakati nguo iko hewani tena. Tukahitimisha kwamba ng'ambo hata kuni zinachelewa kupasuka. Habari za mwendo wa sauti huenda tulifundishwa, lakini siku hiyo nadhani tulikuwa tunaangalia nje.

Mimi sikupenda utani huo, kwa sababu dada yangu Ghati alikuwa mtu wa ng'ambo. Shangazi yetu aliyeolewa huko hakujaliwa mtoto, na Ghati alipofika miaka kumi alipelekwa akaishi naye. Alikuwa amenizidi miaka mitatu. Kabla hajaondoka tulichunga mbuzi pamoja, na kazi yetu ilikuwa kuimba: mimi napandisha, yeye anaitikia. Alikuwa na tabia moja mbaya. Aliitikia kabla sijamaliza. Nikilalamika anasema siyo kwamba yeye anawahi, ni mimi ninayevuta kama ng'ombe mgonjwa.

Mara moja kwa mwaka shule zile mbili zilikutana kando ya mto kwa siku ya nyimbo. Hakukuwa na mshindi, kwa sababu wimbo ulikuwa mmoja: nusu yetu, nusu yao. Sisi tulikuwa na litungu, kinubi chetu cha nyuzi nane, na tuliupandisha wimbo. Wao walikuwa na wachezaji, na waliuitikia. Kwa wengine ilikuwa siku ya kula mandazi. Kwangu ilikuwa siku ya kumwona Ghati.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, mvua zilikataa kuisha. Mto ulijaa, ukawa mwekundu, ukawa unapita na miti mizima. Mwalimu Nyamhanga, aliyetufundisha muziki kwa sababu hesabu zilikuwa zimemshinda, hakutaka siku ile ife. Kwa muda wa siku mbili alisimama ukingoni akapiga kelele, na mwalimu wa ng'ambo akapiga kelele, mpaka wakaelewana: kila shule ibaki kwenye mteremko wake, tuimbe juu ya maji.

Asubuhi ya siku hiyo mama alinipa karanga za kukaanga kwenye kitambaa, nimpelekee Ghati. Nikamwambia mto umejaa, sitavuka.

"Mto umejaa, macho yako hayajajaa," alisema. "Mwangalie kama amekonda."

Tukajipanga mteremkoni. Ng'ambo niliona watoto wadogo kama punje za mtama, na mbele yao punje moja yenye kitambaa cha njano. Nilijua ni yeye, kwa sababu alisimama mikono kiunoni kama mwenye shamba. Nilikuwa mpandishaji. Litungu likalia, nikapandisha, na wenzangu wote nyuma yangu kwa nguvu.

Kukawa kimya. Kisha jibu likaja, limechelewa. Tukangoja liishe, nikapandisha tena. Nao huko wakangoja tumalize. Kila tulipongojana, wimbo ulizidi kuwa mzito. Wimbo wa kuchezea ukawa wa kutembelea, wa kutembelea ukawa wa kuzikia. Wachezaji wa ng'ambo waliinua mguu wakabaki wameuinua, kama korongo. Nyuma yangu wazazi wakaanza kusema si tuliwaambia, hawa ni wazito tangu enzi. Mzee wa litungu akaweka kinubi magotini akatafuta ugoro wake. Mwalimu Nyamhanga aliniangalia, nikaona macho yake yamelowa. Nilielewa kwamba siku ya nyimbo imekufa, na haitakuwepo mwaka ujao, na kwamba nitarudi nyumbani na karanga za watu.

Nikapandisha mara ya mwisho, vibaya, kwa kilio. Sijamaliza, Ghati akaitikia. Kama tulipochunga mbuzi. Jibu lake lilitua pale pale nilipoishia, limekaa kama kifuniko juu ya chungu. Nikapandisha tena, akaingia tena pale pale. Mzee akaachana na ugoro. Wimbo ukaanza kukimbia, wazazi wakaacha kucheka wakaanza kukanyaga, na tope la mteremko ule likawa uwanja. Tuliimba mpaka sauti zikatuacha.

Njiani nilikula karanga zote. Mama alikuwa mlangoni.

"Amekonda?"

"Hajakonda."

"Umejuaje?"

"Sauti yake imenenepa."

Mama alicheka, hakuuliza habari ya karanga, na usiku ule alilala.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada moja, Ghati aliponisimulia upande wa pili. Kwao, alisema, siku ile ilikuwa aibu. Masikio ya watu wote wa kilima chake yalisikia binti anamkatisha mwenzake, anapiga yowe katikati ya maneno ya watu, wimbo umepinda kama mguu wa mbuzi uliovunjika. Watu wakazomea. Mwalimu wake alimchapa viboko vitatu, kimoja kikiwa cha kutojuta. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua kichwa.

"Wimbo usingeweza kunyooka kote. Lazima upande mmoja usikie vibaya. Wewe ulikuwa mdogo."

Na huyu ndiye dada ambaye, kufikia Ijumaa hiyo, nilikuwa sijazungumza naye kwa miaka minne. Mama alipofariki mimi nilikuwa Dodoma, kwenye warsha ya mawasiliano, na nilikuwa na mada ya kuwasilisha. Nikafika msibani siku ya pili, wameshazika. Ghati alikuwa ameketi chini na kina mama. Akaniangalia, akasema mbele ya ukoo mzima, kwa sauti ya kawaida: "Mgeni amefika, mpeni kiti." Nikapewa kiti. Nikakikalia. Nilirudi nacho rohoni mpaka Nyamongo, na miaka minne nikawa nimekaa juu yake, nangoja apige simu aniombe radhi. Yeye naye, nadhani, alikuwa anangoja yangu.

Basi Ijumaa nikaenda. Bodaboda ilinishusha getini, vijana wakaniamkia shikamoo mzee, na neno mzee likanipata mgongoni. Ukumbini ukuta ulikuwa umegeuka dirisha. Mle ndani kulikuwa na ukumbi wa Mugumu, wanafunzi wamejipanga, wazazi wao wameketi nyuma kwenye mabenchi, wazi kabisa. Mugumu wangepandisha, huku kwetu wangeitikia, na mwitikiaji alikuwa Robi. Aliniambia asubuhi kwamba ikifana wataendelea kila muhula, na isipofana mwalimu mkuu atarudisha muda wa ngoma kwenye kemia. Hakuwa amekula.

Wakaanza. Mugumu wakapandisha, huku wakangoja, wakaitikia, Mugumu wakangoja. Nilijua kabla ya mzunguko wa tatu. Wimbo ulipoteza mwendo kama mzee anayepanda kilima. Vijana wakasema ni mtandao. Kila kitu kikiharibika siku hizi ni mtandao. Sisi tulisema ni uzito wa watu wa ng'ambo, na sijui nani alikuwa karibu zaidi na ukweli. Mwalimu wa kompyuta, kijana mpole mwenye jasho, alipanda juu ya meza akahamishia kifaa chake dirishani. Mwalimu mkuu aliangalia saa. Robi alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, mikono kiunoni.

Nikainuka. Magoti yalilia ukumbi mzima ukasikia, na sauti hiyo haikuchelewa. Nikamwendea mwanangu sikioni.

"Usingoje wamalize. Waingilie."

"Baba, itasikika vibaya."

"Huku, ndiyo. Kule itanyooka."

"Kwa hiyo sisi tuonekane wajinga?"

"Ndiyo."

Akageukia kipaza sauti. Kisha Mugumu wakapandisha tena, wakiwa wameshakata tamaa, na Robi akawakatisha katikati ya neno. Ukumbi wetu ulilipuka kwa kicheko. Mzazi mmoja, mchimbaji aliyekuja na vumbi lake la shimoni, alisema kwa sauti kwamba mtoto huyu hana adabu. Robi akakatisha tena, machozi yanamtoka, kichwa juu. Ulikuwa wimbo mbovu kuliko yote niliyowahi kusikia. Lakini ukutani, baada ya pumzi kadhaa, niliona nyuso za Mugumu zinafunguka. Miguu yao ikashika mwendo. Mabenchi ya nyuma yakaanza kutikisika, na mwanamke mmoja kwenye benchi la mwisho akasimama peke yake.

Alikuwa na kitambaa kichwani, si cha njano. Mikono kiunoni. Mjukuu wa Ghati anasoma pale. Nilikuwa nimesahau, au nilijifanya. Hakucheza. Alikuwa anaangalia moja kwa moja kwenye kamera, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua nje ya mlango.

Simu ilikuwa mkononi mwangu kabla sijaamua. Mwalimu wa kompyuta alikuwa analalamika kwamba sasa picha ndiyo inayobaki nyuma, inazidi kuchelewa. Nikapiga. Ikaita, ikaita.

"Mwita," sauti yake ikasema sikioni mwangu.

Ukutani alikuwa bado anapekua mkoba. Akaitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma jina. Akaangalia chini. Akakaa hivyo, kidole kikiwa hewani, kama anayefikiria kuirudisha mkobani. Nilikuwa nimeshamsikia ameitika, na bado niliogopa kwamba hataitika.

"Wimbo huko mbovu?" aliuliza.

"Mbovu sana. Watu wanatucheka."

"Huku umenyooka."

Nikamwambia kwamba nimechoka kukaa kwenye kile kiti. Kukawa kimya, na safari hii sikuusingizia mtandao.

"Basi njoo ukae chini," alisema.

Ukutani kidole kilikuwa ndiyo kwanza kinashuka.

Siku hizi wanangu wana bahati. Wanaimba na Mugumu bila kukanyaga tope, na hakuna anayechapwa kwa kuwahi. Sisi tulikuwa na mto na masikio. Kwenye mteremko ule nilimwona dada yangu kama punje ya mtama, nikaenda nyumbani nikasema hajakonda, na mama akalala. Ijumaa ile picha ilikuwa safi, nilimwona mpaka mifupa ya shingo. Amekonda. Nilirudi nyumbani na Robi wakati jua linashuka, nikakuta mlangoni hakuna mtu wa kuniuliza.