Fundi wa Alhamisi

Mdogo wake humwita Kisima, maana neno ukilitumbukiza kwake halirudi juu. Ni mshauri nasaha. Kutwa hukaa kwenye chumba chenye pazia la buluu, watu wakitua mizigo ya moyo mbele yake, na akitoka hutembea kama aliye nusu usingizini. Huwapa wateja wake sharti moja: "Tukikutana nje, mimi sikujui mpaka wewe unisalimie." Wengi humpita kimya, naye anawapenda vilevile.

Basi mchana mmoja mdogo wake akamburura kwa fundi cherehani kupeleka kitambaa cha gauni. Mlangoni Kisima akaganda. Fundi mwenyewe ni mteja wake wa Alhamisi. Tangu ajikate vibaya mwaka jana, akishika mkasi hutetemeka. Kitambaa hukatiwa na rafiki yake, kwa siri. Mtaa ukijua, nani atampelekea nguo?

Fundi alimwona, akageuza macho. Hakusalimu. Kisima akajitia kutazama vitambaa vilivyoning'inia, vikipepea polepole kwa feni, mpaka duka zima likawa kama linaelea.

"Kikate hapa hapa nikuone," mdogo mtu akasema. "Nyie mafundi mnajua sana kubakiza vipande."

Fundi akachukua mkasi. Mkono ukaanza kutetemeka. Kisima akapiga hesabu: akisema "mwache", ameshatoboa siri yake; akinyamaza, amemwacha peke yake. Vidole vya Kisima vikaanza kugonga meza taratibu. Moja, mbili, tatu, nne, pumzika. Ndivyo wanavyopumua wote wawili kule kwenye pazia la buluu.

"Dada, acha bwana, unanitia usingizi!" mdogo mtu akanung'unika.

Hakuacha. Mabega ya fundi yakashuka, pumzi ikafuata vidole, na mkasi ukaingia kwenye kitambaa, ukaenda, ukaenda, umenyooka mpaka ukingoni. Kisima nusura alie kwa furaha, akasingizia vumbi.

"Mna maringo nyie wawili," mdogo mtu akalalamika wakitoka. "Hata salamu!"

Walikuwa wameshafika barabarani fundi alipotokeza mlangoni, mkasi bado mkononi.

"Dada! Ahsante. Tuonane Alhamisi!"

Mdogo mtu akasimama kinywa wazi. "Kumbe mnajuana? Alhamisi kuna nini?"

"Muulize mwenyewe," Kisima akasema, akainua mkono kumpungia fundi, mara ya kwanza mbele za watu.