Siku Mama Mkwe Aliponiokotea Mpira

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Otieno, maana Otieno akisimulia anaongeza chumvi na kuigiza juu: ni kweli nilifedheheka Dodoma, kwenye shimo la mwisho la mashindano ya mwisho ya msimu, na mpaka leo nikikumbuka nikiwa peke yangu bafuni huwa nafunika uso.

Mimi ni mcheza gofu wa kulipwa (chekeni tu, hata wakwe zangu walicheka). Msimu mzima nimezunguka na begi la fimbo, Nairobi, Entebe, Kigali, Arusha, nyumbani nafika kama mgeni, na ikifika mwisho wa mzunguko wanaobaki kwa msimu unaofuata ni wale wa juu tu, wengine mnarudi kuanza kwenye mchujo pamoja na vijana ambao migongo haijawahi kuwauma. Mimi nilikuwa ukingoni kabisa. Sasa kwa kuwa msimu unafungwa Dodoma, kwenye uwanja wa njia ya Zuzu, na ukweni kwangu ni hapo Makutupora, nikajisemea ngoja niwaalike waone kwa macho yao kwamba mkwe wao naye ana kazi. Mke wangu Neema akaniuliza, “Una uhakika? Mama hajui kukaa akaangalia tu.” Nikamwambia mwache aje.

Akaja na mashangazi wa Neema na ndoo ya zabibu, wakajipanga kandokando ya shimo la kumi na nane. Nilifika pale na Otieno, Mkenya niliyepangwa kucheza naye, hesabu zangu zikiwa safi: nikimaliza kwa mapigo sita nimebaki, na sita pale hata mgonjwa anapata. Nikapiga la kwanza kwa mbwembwe, si nilijua natazamwa, mpira ukapinda kulia ukaingia kwenye kichaka cha miba. Kabla sijafika, namwona mama mkwe anatoka kichakani kinyumenyume, anafuta kitu kwa ncha ya khanga, anakuja kwangu anatabasamu.

“Shikamoo mama,” nikasema, kofia mkononi, macho chini.

“Marahaba, baba. Mpira wako huu hapa. Ulikuwa umeingia kwenye miba, nikaona utachomwa bure.”

Jamani, hiyo kanuni naijua hata usingizini. Mpira ukiokotwa na mtazamaji unaurudisha ulipokuwa, huna adhabu, maisha yanaendelea. Nilitakiwa kusema tu, mama, nionyeshe ulipoutoa. Lakini mtu mzima amechubuka mikono kwa ajili yangu, ananikabidhi mbele ya mashangazi wote, halafu mimi nimwambie rudisha? Nikaupokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikasema ahsante mama, nikauweka palepale miguuni kwenye nyasi safi nikapiga. Ukaenda ukatulia kwenye grini, kale kauwanja kalikonyolewa kenye shimo, na mashangazi wakapiga vigelegele.

“Bro,” Otieno akaniambia polepole, “hiyo mpira haikuwa hapo.”

Refa naye alikuwa ameona, anakuja na kigari chake. Mtu mpole, wala hakugomba: mapigo mawili ya adhabu, lile la kwenye nyasi halihesabiwi, na nirudi nikapige kutoka ulipokuwa.

“Anasemaje huyu?” mama mkwe akauliza.

“Anasema nirudi kichakani, mama.”

“Kwenye miba? Ana roho gani huyu baba?”

Akatuonyesha mahali penyewe huku akimtazama refa kwa jicho baya. Bado nilikuwa na nafasi, nikiutoa pale, nikaufikisha grini, nikautumbukiza, sita yangu hiyo. Nikaingia, nikajipinda, nikapiga, na nawaapia lilikuwa pigo zuri kuliko yote ya msimu, ila mpira ulitoka na suruali ikabaki, imechanika nyuma kutoka kiunoni hadi karibu na goti (suruali nyeupe, mimi na ushamba wangu). Nikaganda na kichaka changu. Mama mkwe akageuza uso pembeni, akafungua khanga moja, akaninyooshea bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikajifunga. Nikapiga la tano, mpira ukasimama karibu na shimo kiasi kwamba Otieno alishaanza kunipongeza. Kilichobaki ni kuusukuma tu. Nikainama, na nilipoanza kuuvuta mkono nikasikia fundo la khanga linalegea, na mama mkwe yuko mbele yangu kabisa. Mkono mmoja ukaruka wenyewe kushika khanga, mwingine ukasukuma mpira. Ukapita ukingoni mwa shimo ukaenda zake.

Saba. Msimu mzima, na nikakosa nafasi kwa pigo moja. Niliumia, sitawadanganya, nilienda kukaa nyuma ya hema la chakula na machozi yakanilenga. Mama mkwe akanifuata na zabibu, akakaa, akaniuliza taratibu nini kimetokea, nikamweleza yote.

“Kwa hiyo ungeniambia tu niurudishe, yangeisha?”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa si ungesema?”

“Niliona aibu, mama.”

Akaitazama khanga yake kiunoni kwangu. “Na sasa huoni?”

Mwakani naanza upya kwenye mchujo, naye ameshasema atakuja. Nimeapa safari hii akigusa hata jani la uwanja, nitamwamkia vizuri kisha nitafungua mdomo.