Ukurasa wa Dada

Juzi, hapa Goma, mwenzangu wa chumba alinisogezea simu usoni nikiwa nachambua maharagwe. "Kaka, angalia! Ile bede ya zamani, banaitengeneza filme!" Lilikuwa tangazo fupi tu. Mji usio na jua, mvua inayoanguka kama mistari ya kalamu, kila kitu cheusi na cheupe isipokuwa taa moja ya manjano mkononi mwa mwanamume mwenye koti refu. Niliyaacha maharagwe. Sikuwa nimemwona mtu yule tangu Kingi, kijijini kwetu, na kule Kingi alikuwa na madoa ya mafuta.

Ngoja nikueleze, maana bila hayo mafuta hutaelewa kitu.

Jirani yetu alikuwa mama wa mandazi. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mashambani, tulisikia sufuria yake ikichachatika kabla ya kengele ya kanisa. Karatasi za kufungia alizileta kutoka soko la Sake, gunia zima la vitabu vilivyochanwa. Siku moja dada yangu mkubwa alimaliza andazi lake, akainyoosha karatasi juu ya goti, akamkuta huyo mwanamume wa taa. Bede, ndivyo tunavyoviita vitabu vya hadithi za picha. Hii, mwalimu alituambia, hata yeye aliisikia akiwa mtoto, ila hakuwahi kuishika. Kesho yake mtoto mwingine akapata ukurasa mwingine, wa katikati. Hadithi ilitujia hivyo, andazi kwa andazi, bila mpangilio.

Dada ndiye aliyeweka sheria. Ukurasa ni wa aliyeupata, na hakuna anayeusoma isipokuwa mwenyewe. Jumapili baada ya misa tulikusanyika nyuma ya jiko la mama wa mandazi, tukajipanga kwa kufuata namba za kurasa, na kila mmoja akasimama zamu yake: Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili. Wadogo wasiojua kusoma walieleza picha. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi ionyeshe upande wa pili, kwa hiyo yule mwanamume alikuwa na nyuso mbili, na milango ya mji ilionekana ndani ya tumbo lake.

"Weye, ukurasa yako iko na mafuta kuliko sufuria!"

"Na yako uliilamba, tulikuona!"

"Mukule kwanza, batoto," mama wa mandazi alituambia kutoka kwenye moshi. "Karatasi haishibishake muntu."

Mwanamume huyo alitoka nyumbani kwenda kutafuta mafuta ya taa. Aliporudi, milango yote ya mji ilikuwa imefanana. Alibisha hodi mlango baada ya mlango, na kila mlango ulifunguliwa na mtu asiyemjua. Je, alifika kwake? Hatukujua, kwa sababu ukurasa wa mwisho haukuwa umefungia andazi la mtu yeyote. Tulibishana tukipalilia maharagwe, tukabishana tena tukimenya birai, vile viazi vya Masisi vinavyopasuka vyenyewe kwenye chungu. Mimi sikulala vizuri. Nilifikiri labda nyumba yake ilikuwepo, ila walio ndani walishazoea kuishi bila yeye.

Kisha ukurasa wa mwisho ukamwangukia dada. Aliusoma amesimama kando ya moto. Alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu, akaukunja na kuufunga kwenye fundo la kitenge chake kiunoni. Nilimsumbua njia nzima ya kwenda kisimani.

"Niambie tu kama anafika."

"Jumapili njo utajua."

"Hata neno moja, dada?"

"Weye unafikiriaka sana, utamaliza kichwa. Jumapili."

Kabla ya Jumapili, risasi zilisikika. Dada alikuwa shambani ng'ambo ya kilima, akichimba birai. Sisi tulishuka na umati hadi kambi ya wakimbizi karibu na Mubambiro. Waliokuwa ng'ambo walikimbilia upande wa Walikale. Baadaye mfanyabiashara mmoja alimwambia baba kwamba alimwona msichana wa namna hiyo kule Kashebere, akiuza ndizi barabarani. Baba alikwenda. Alirudi mikono mitupu, na miaka mingi mama aliendelea kupakua sahani ya dada.

Sasa nina diploma ya chuo kikuu na muda mwingi wa kufikiri. Chuoni, wenye vitabu kamili walitaka kunieleza mwisho. Niliziba masikio kama mtoto. Usiku huu na jana nimesoma maoni yote chini ya tangazo lile, nikitafuta hata mtu mmoja anayeuliza kuhusu madoa ya mafuta. Labda dada naye ameliona, mahali fulani, kwenye simu ya mtu. Labda atacheka kwamba koti ni jeusi, maana kwetu lilikuwa la kahawia. Labda hana simu. Labda fundo lile halikufunguliwa tena, na hapo huwa nasimama na kuanza kufikiri upya kutoka mwanzo.

Jiko la mama wa mandazi halipo, ni majani tu. Watoto wa kurasa tumetawanyika, kila mmoja na kipande chake, na sidhani kama yupo anayeweza kutupanga tena. Wangu bado ninao, ule wenye picha ya daraja, umekauka hadi unavunjika kwenye mikunjo. Bado unanuka mafuta, au mimi ndiye ninayenuka.

Jana nilimwambia mwenzangu wa chumba kwamba filamu ikitoka nitaiangalia pamoja naye. Ila yule mwanamume wa taa akiufikia mlango wa mwisho, mimi nitatoka nje.

Alinicheka. "Kaka, weye iko na shida. Utaangalia filme bila mwisho?"

"Mwisho iko," nikamwambia. "Iko kwa dada."