Maziwa ya Gari Jekundu

Mektrida Temba wa Kibosho ni mjane anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Ndizi anazikata mwenyewe katika kihamba alichoachiwa na mumewe, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba yake. Kwa ndizi hizo alimsomesha mdogo wake wa mwisho, Jovin, mpaka akawa mhandisi. Sijui sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Jovin alipopata kazi nzuri Dar es Salaam alifanya kama wafanyavyo vijana wengi: kabla hajanunua hata kiwanja, alinunua gari. Tena si gari la kubeba watu wala mzigo. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, limelala chini utadhani limekatwa miguu. Alipolileta nyumbani Krismasi lilipanda vizuri kwenye lami, likaingia njia ya mawe, na hatua chache baada ya kanisa likasugua tumbo na kugoma. Waumini walikuwa wanatoka misa. Wakalizunguka.

"Jovin, hili linapandwa au linavaliwa?" mzee mmoja aliuliza.

"Cheka tu, babu. Linakimbia kuliko upepo."

"Haya, likimbie basi mpaka kwa dada yako tuone."

Vijana walilisukuma kurudi lami, na Jovin akapanda kwao kwa miguu, ameshika viatu mkononi.

Mwaka mpya ulipoingia alipata kazi ya miaka kadhaa ng'ambo. Hata mwaka mmoja hakuwa amelitumia gari lile. Kabla ya kuondoka alimkabidhi dada yake ufunguo na kadi ya gari, ambayo tayari ilikuwa na jina la Mektrida.

"Liuze, dada."

"Nikishauza nikutumie kwa njia gani?"

"Usinitumie kitu. Ni lako. Nunua unachokitaka wewe, maana miaka yote ulinunua nilichokitaka mimi."

Alichokitaka Mektrida kilijulikana kijiji kizima. Alitaka kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo chenye bodi wazi nyuma, ambacho hupanda njia za mlimani bila kunung'unika. Yeye na wanawake jirani zake walikuwa wakisubiri ndizi zao zichukuliwe na magari ya watu, na mwenye gari ndiye aliyeamua siku ya kwenda na bei ya kununulia. Ukikataa bei yake, ndizi zinaivia barabarani. Mfanyabiashara mmoja wa Himo alikuwa na kirikuu kizuri anachokiuza, naye alimwahidi Mektrida kwamba hatampa mtu mwingine mpaka Pasaka ipite. Kwa hiyo gari jekundu lilipaswa kuuzwa kabla ya Pasaka, la sivyo wanawake wale wangeendelea kusubiri kando ya njia.

Lakini gari lisiloweza kufika nyumbani litalala wapi? Mektrida alilipeleka kwa Filemon, binamu ya marehemu mumewe, mwenye ua mpana na geti kando ya lami, chini ya mlima. Filemon aliwahi kuwa dereva wa malori. Tena tayari alikuwa akimtunzia Mektrida ng'ombe.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa ambalo mtu wa pwani asingeweza kulifanya. Kwetu mlimani, mwenye ng'ombe asiye na majani ya kutosha humpeleka kwa ndugu mwenye nafasi. Mfugaji humlisha, na kwa taabu yake huchukua maziwa na mbolea. Mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na ndama. Hawaandikiani. Hunywa pamoja mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya shahidi, na neno linakuwa limekwisha.

Mektrida alilipeleka gari kama alivyompeleka ng'ombe. Alibeba kibuyu cha mbege. Eliona, mke wa Filemon, aliketi kuwa shahidi. Walikunywa, wakashukuru, Filemon akapokea ufunguo kwa mikono miwili na kusema, "Shemeji, mali yako iko mahali salama." Mektrida akapanda kwake moyo ukiwa umetulia. Hakuna aliyeuliza gari hukamuliwa vipi.

Sokoni Mektrida aliwatangazia wateja wake wote kwamba ana gari la kuuza, bila hata kutaja rangi yake. Mmoja wao alikuwa Nasrin wa Majengo, mwanamke mwenye duka la kupamba harusi na kukodisha nguo za maharusi. Kwa miaka mingi Nasrin alinunua ndizi kwa Mektrida bila kuzibonyeza, na kwa mwanamke wa Majengo hiyo ni heshima kubwa.

"Mama, hilo gari lako zima kweli?" Nasrin alimuuliza mara tu baada ya Idd. "Maana mimi natafuta gari la bibi harusi. Harusi zinakuja kama mvua."

"Halijasogea tangu Januari, mwanangu. Liko chini ya turubai."

"Wauza magari wote husema hivyo."

"Mimi si muuza magari, ni muuza ndizi. Ningekudanganya kwenye ndizi kwanza."

Nasrin alicheka. Wakapatana Jumapili.

Jumapili hiyo mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na lami ilikuwa inang'aa. Filemon alikuwa amekwenda msibani. Eliona ndiye aliyefungua geti, na Mektrida aliona kwamba mwanamke huyo hamtazami usoni. Walipolivua turubai, Nasrin alisimama, akaweka mikono kiunoni.

"Mama Mektrida. Gari hili nalijua."

"Umelionea wapi?"

"Nimelipamba mimi! Mara mbili. Harusi ya binti wa Mzee Saidi, na ile nyingine ya pale Njoro, kabla hatujafunga Ramadhani." Akapitisha kidole kwenye boneti. "Hii gundi ni yangu. Nilimwambia dereva aitoe kwa mafuta ya taa, mvivu yule." Akafungua mlango, akainama, akatoa chini ya kiti ua la karatasi la waridi lililokanyagwa. "Na hili je? Limeota humu?"

Mektrida alimgeukia Eliona. Eliona alikuwa anafunga na kufungua fundo la kanga yake.

"Eliona, ni kweli?"

"Dada, mwulize mwenyewe akirudi. Mimi niliambiwa nifungue geti tu."

Nasrin hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alilifunga lile turubai pamoja nao, kwa adabu, akanawa mikono bombani.

"Mama, gari kutumika si kosa. Magari yametengenezwa yatumike. Lakini uliniambia halijasogea."

"Mwanangu, naapa..."

"Usiape, mama. Nitafikiri."

Siku ya soko iliyofuata Mektrida alimwona Nasrin akija na kikapu chake. Nasrin alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akapita, akanunua ndizi kwa mwanamke wa meza ya tatu. Alizibonyeza moja moja. Mektrida aliniambia baadaye kwamba mbele ya macho yake hakuliona gari wala kirikuu. Aliona mteja mmoja akienda zake, na jina lake likienda pamoja naye. Mtu maskini ana mali chache, na jina jema ndilo pekee asiloweza kulinunua tena likipotea.

Jioni hiyo hiyo alishuka kwa Filemon. Alimkuta akimkatia ng'ombe majani.

"Filemon, umelikodisha gari langu."

Filemon hakukana. "Karibu ukae kwanza, shemeji."

"Nitasimama."

"Basi simama. Ndiyo, nimelitumia. Nilipeleka mabibi harusi, nikalirudisha, nikaliosha. Mafuta niliweka mimi. Sasa ulitaka nilitazame tu kama picha? Ng'ombe wako nikimlisha, maziwa ni ya nani?"

"Ni yako."

"Gari nikililinda na mvua na wezi, nikaliwasha kila wiki lisife, maziwa yake ni ya nani? Mbege tulikunywa ile ile. Shahidi ni yule yule. Au desturi inakwisha kwenye lami?"

Wapo watakaosema Filemon alikuwa mwizi tu mwenye ulimi mzuri. Mimi sisemi hivyo. Aliamini alichokisema, na Mektrida mwenyewe, akisimama pale kwenye harufu ya majani mabichi, aliona kuna haki ndani yake. Mtu mwenye hasira huona haki ya upande mmoja tu. Yeye aliizuia hasira mpaka akaiona na ya upande wa pili.

"Haya," akasema. "Maziwa ni yako. Sitakudai hata tone. Lakini nikuulize. Ng'ombe akishikwa na homa, mfugaji anafanya nini?"

"Anampelekea mwenye ng'ombe habari."

"Lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Akizaa? Akitoka zizini usiku akala mahindi ya jirani?"

Filemon aliliweka panga chini. "Anapeleka habari."

"Maziwa ulikamua. Habari uliniletea lini?"

Kutoka ndani ya jiko Eliona alisema kwa sauti, "Nilikwambia mimi! Nilikwambia, baba Ruth, panda mlimani ukaseme. Ukasema matope."

"Wewe nyamaza."

"Sinyamazi. Mimi ni shahidi, nilikunywa mbege hiyo."

Filemon alikaa juu ya mzigo wa majani. Akajifuta shingo.

"Shemeji, niliogopa utasema hapana," alisema.

"Huenda ningesema hapana. Ndiyo maana ya kuuliza. Sasa kesho tunakwenda Majengo wewe na mimi. Utasema mwenyewe kila kitu gari lile lilichofanya mikononi mwako. Na ukiacha jambo moja, na ng'ombe namchukua."

Duka la Nasrin liko katika mtaa wa mafundi, katikati ya cherehani na maseremala. Nasrin alikuwa juu ya kiti anatundika kitambaa cheupe. Alipomwona Filemon mlangoni akashuka, akimwita Mangi, kama watu wa mjini wanavyomwita kila mwanamume wa mlimani.

"Aa, dereva wangu mvivu! Mangi, gundi yangu hujaitoa mpaka leo."

"Nisamehe, dada. Nimekuja kwa jambo jingine."

"Mwache aseme," Mektrida alisema. "Mimi nilikwambia gari halijasogea kwa sababu niliamini hivyo. Lakini neno lilitoka kinywani mwangu na halikuwa kweli, kwa hiyo ni langu. Yeye atakueleza lililo lake."

Filemon alieleza. Alitaja harusi zote, kanisani na msikitini, na kote alikokwenda. Alipofika katikati akasita, Mektrida akamtazama, akaendelea: siku moja, akipeleka bibi harusi Machame, aligonga jiwe na bamba la chini ya injini likapinda. Alilinyoosha kwa fundi wa mtaa ule ule wa Majengo. Hilo Mektrida hakulijua. Hata Eliona hakulijua. Angeweza kulimeza na hakuna ambaye angemtapisha.

Nasrin alitoka nje, akavuka mtaa, akazungumza na fundi huyo. Aliporudi aliketi.

"Fundi anasema kweli, na anasema bamba ni zima." Akamtazama Mektrida. "Mama, mimi nina duka la harusi. Kila siku naletewa vitu na watu wanaoapa. Nguo haijavaliwa, kumbe ina jasho kwapani. Viti vipya, kumbe vimepakwa rangi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniambia ubaya wa kitu chake nisioujua."

"Kwa hiyo unalitaka au hulitaki?" Filemon aliuliza.

"Mangi ana haraka, eti! Nalitaka. Lakini bei nitapunguza kidogo kwa ajili ya hilo jiwe la Machame."

"Ni haki yako," Mektrida alisema.

"Na gundi unakuja kuitoa mwenyewe, Mangi, kwa mkono wako."

Walipatana kabla ya adhuhuri, kila mmoja akiwa ameridhika, jambo ambalo katika biashara ya magari yaliyotumika halitokei mara nyingi. Jumatano ya Juma Kuu Mektrida alikwenda Himo, na yule mfanyabiashara alikuwa ameitunza ahadi yake.

Walipokuwa wanarudi, Filemon akiwa kwenye usukani, wanawake walikuwa wamekwisha kusikia. Walisimama mbele ya migomba yao kwenye mvua, mikungu iko chini kwenye majani, wengine wakipiga vigelegele, mmoja akimwuliza Mektrida kama ndizi zake ndizo zitakazopakiwa kwanza kwa kuwa yeye ni jirani wa karibu.

"Zitapakiwa kwa zamu," Mektrida alijibu. "Na bei tutakwenda kuisikia wenyewe Mbuyuni."

Filemon alizima injini. "Shemeji, na hiki nacho kitalala kwangu?"

"Hiki kinapanda mlima. Kitalala hapa."

"Na dereva?"

"Dereva atakuja asubuhi, atalipwa mshahara, na jioni atanieleza alikopita. Unaitaka kazi hiyo, au nitafute mwingine?"

"Naitaka," Filemon alisema, akashuka kusaidia kupakia.